Kofi Lisilopigwa

Siku mliyoniaga, mwenzenu mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa bado ana miaka mingi ya kujiaibisha mwenyewe, alisimama akasema kazi yangu ilikuwa nyepesi. Alisema kwa nia njema. Alisema kuwafundisha mdundo watoto wa Kwale ni sawa na kumfundisha samaki kuogelea, maana sisi watu wa Pwani mdundo tunao kwenye damu. Mkampigia makofi. Mimi nikatabasamu kwa sababu keki ilikuwa haijakatwa. Sasa imekatwa, imeliwa, na mimi nimeshastaafu, kwa hiyo naweza kujibu.

Mdundo hauko kwenye damu. Nimetoa damu hospitalini zaidi ya mara moja, na hakuna muuguzi aliyewahi kuniambia kwamba ule mfuko unadunda. Mdundo uko kwenye nyayo, kwenye viganja na kwenye ulimi, na unaingia huko kwa kurudia jambo moja mpaka majirani wakuchukie. Ukimwambia mtoto kwamba amezaliwa nao umemvisha kilemba cha ukoka, na papo hapo umemnyima mwalimu. Hata hoteli moja ya Diani iliwahi kuniita wakati wa likizo niwanoe wanamuziki wake, kisha meneja akakata muda wa mazoezi, akasema waacheni wapige, hawa wanajua tangu tumboni. Wakaja wageni wa harusi na nota zao wenyewe, bendi ikapotea kabla bibi harusi hajafika katikati ya njia. Siku ile hakuna aliyetaja damu.

Nawaandikia ninyi mnaobaki darasani. Habari za vyeo nitaziruka, kwa kuwa havikunisumbua sana, na za mshahara pia, kwa sababu hiyo hiyo. Nitasema kazi ilivyokuwa, na namna kazi hiyo ilivyotaka kufa mikononi mwangu mwishoni, nikakataa.

Nilianzia Matuga. Nilifika na cheti changu kwenye bahasha ya plastiki, nikaonyeshwa chumba cha muziki, nacho kilikuwa kikikaa pamoja na majembe ya somo la kilimo. Ndani kulikuwa na kinanda kilicholiwa na mchwa, ngoma moja iliyopasuka, na Mwalimu Awuor. Huyu alikuwa mama mrefu kutoka Nyanza, mwimbaji wa kanisani, aliyekuja Pwani akisema anakaa mwaka mmoja tu, akakaa mpaka akawa anarudi kwao likizo na kulalamikia baridi. Aliniuliza kama najua kusoma nota. Nikasema ndiyo, kwa sauti ya mtu mwenye cheti. Akaniambia nivue viatu.

Akanitembeza ukumbini mbele ya wanafunzi. Miguu ishike pigo, viganja viligawe mara mbili, ulimi uhesabu mpaka nne na kurudi. Hapo nilijikaza nikaenda. Kisha akasema viganja vigawe mara tatu, miguu isibadilike. Nilikwenda hatua chache, mguu ukafuata mkono, ulimi ukafuata mguu, nikaegemea kile kinanda kikatoa sauti ambayo hakikuwa kimetoa kwa miaka. Wanafunzi walicheka mpaka wakakaa chini. Mwalimu Awuor hakucheka. Aliniambia, "Wewe hujui kusoma, mwanangu. Unatambua tu. Mtu anayetambua herufi barabarani bado hajasoma kitabu."

Nililia siku hiyo, si kwa huzuni, kwa hasira. Lakini kila asubuhi kabla ya kengele nilikuwa ukumbini peku, na ilichukua muhula mzima mpaka miguu yangu ikaacha kusikiliza mikono. Ndiyo maana mtu akiniambia kipaji huwa nauma meno. Mimi ni Mdigo wa baba na mama, nimekulia kwenye arusi za ngoma, na nilifundishwa kutembea na mwanamke kutoka Nyanza.

Vifaa vyetu vilikuwa hivi. Kwanza kufuli na uzi. Unafunga kufuli kwenye uzi, unauning'iniza kwenye msumari, unausukuma, nao unakwenda na kurudi kwa mwendo ule ule. Ukitaka haraka fupisha uzi, ukitaka polepole urefushe. Leo mna simu zinazotoa mlio wa mapigo, na ni nzuri, lakini mlio unamfanya mtoto asikilize nje. Kufuli halisemi kitu, inambidi pigo alitoe ndani yake mwenyewe. Pili, kayamba, lile la mabua na mbegu ndani, la kushikilia mapigo madogo katikati ya makubwa. Tatu, kipande cha boksi la sabuni. Kile unakiweka juu ya kipimo, yaani kifungu cha nota kati ya mistari miwili, ambacho mtoto anakipiga sasa hivi, unakifunika, ili macho yake yalazimike kukaa kwenye kipimo kinachofuata. Watoto wanakichukia kile kipande kama dawa ya minyoo. Tumieni.

Nne, maneno. Pigo likigawanywa mara mbili tulisema nazi. Mara tatu, korosho. Mara nne, embe dodo. Pigo zima lisilogawanywa, pa. Mtoto ambaye hajawahi kuona nota alikuwa anasoma kipimo kizima, nazi nazi korosho pa, kabla ya mapumziko ya saa nne. Mkaguzi mmoja alikuja akasikiliza, akanishauri nitumie majina rasmi ya nota. Nikamwambia majina rasmi watayajua kabla ya mtihani, ila leo wana njaa na korosho wanaijua. Akaniandikia ripoti mbaya. Nikaendelea na korosho. Shangazi yangu naye, ambaye hakuipenda kazi hii kwa ajili ya dini, aliniuliza siku ya kiyama nitajibu nini. Nilimwambia kwa adabu kwamba nitajibu nilifundisha watoto kuhesabu na kungoja zamu zao. Aliguna, lakini hakuuliza tena.

Kuhusu kubuni papo hapo nina sheria moja tu, na niliipigania na walimu wengi. Wengi humwambia mtoto, haya, jiachie, piga unachosikia moyoni. Mtoto huyo atapiga kelele, au ataganda. Mimi nilisema hivi: chukua mdundo wa mapigo manne, urudie mpaka ukuchoshe, kisha badilisha pigo la mwisho peke yake. Rudi ulikotoka. Halafu badilisha la tatu peke yake. Rudi. Anayejua njia ya kurudi haogopi kutoka. Aliyeambiwa ajiachie hana pa kurudi, na watu wakimwona anahangaika wanasema hana kipaji.

Baadaye nilihamishiwa sekondari moja upande wa Msambweni, na huko ndiko nilikomalizia. Mwalimu Awuor alikuwa amestaafu, amerudi kwenye baridi yake. Nilipata chumba cha muziki cha kweli, chenye madirisha, na kwa miaka mingi hakuna aliyenisumbua, kwa kuwa hakuna aliyetukumbuka. Kisha akaja mwalimu mkuu mpya.

Sitamsema vibaya. Alikuwa mtu wa hisabati, mnyoofu, haibi, hachelewi. Aliangalia darasa langu la kidato cha nne, akaona wanafunzi wachache kwenye chumba kikubwa, na upande wa pili akaona kompyuta za msaada zimekaa kwenye maboksi hazina pa kuwekwa. Akaniita ofisini. Akaniambia bila kuzunguka kwamba somo la muziki litafungwa mwaka utakaofuata. Nilimuuliza sababu. Akasema matokeo ya vitendo ni mabaya, hasa kusoma mdundo, na akaongeza, na hapa ndipo nilipokasirika, kwamba haelewi vipi watoto wa huku washindwe kupiga makofi.

Nilimwambia, "Mwalimu, nipe mwaka huu. Wakifeli mtihani wa vitendo, funga mlango mimi mwenyewe nikuletee ufunguo. Wakipita, somo linabaki."

Alifikiri kidogo akasema sawa, ametoa neno lake. Nikatoka. Nilikuwa karibu kustaafu, mwenzenu, ningeweza kukaa kimya nichukue blanketi langu la zawadi ya kuagwa mapema. Lakini nilijua likifungwa halitafunguliwa tena, na watakaokuja nyuma watabaki kupiga ngoma za kupokelea wageni, wakisifiwa damu yao.

Tatizo, yule mtu wa hisabati alikuwa ameliona hata kama hakulielewa. Wanafunzi wangu walisoma vizuri mpaka wafike kwenye pumziko, ile alama inayosema hapa usipige, hesabu tu. Hapo walianguka, na walianguka kwa namna ambayo sijaiona kwa watoto wa mahali pengine. Hawakusahau kunyamaza. Walipiga. Palipoandikwa patupu walijaza kofi, tena kofi zuri, mahali pake hasa, kana kwamba limeandikwa. Mtahini hataki kofi zuri lisiloandikwa. Alama zinakatwa.

Mkubwa wa kosa hilo alikuwa Mbeyu, msichana Mduruma kutoka Kinango, wa bweni, mkimya, mwenye mkono safi kuliko wote niliowahi kufundisha. Alitaka kwenda chuo cha ualimu akasomee muziki, na bila alama za vitendo njia hiyo ingezibika. Nilimpa zoezi lenye mapumziko, akayajaza. Nikamwambia anyamaze, akaitikia kwa kichwa, akarudia, akayajaza. Nilimfungia mkono mmoja kwa leso. Akapiga paja. Nilipandisha sauti, na mimi sipandishi. Akasema polepole, "Mwalimu, nikipaacha pale naona kama nimemwangusha mtu."

Nikamuuliza mtu gani.

"Sijui. Mtu."

Neno hilo lilikaa nami. Likizo ilipofika nilifunga safari mpaka Kinango, kwao, nikamtafuta mama yake. Nilimkuta na kikundi chao cha akina mama wakijinoa kwa ajili ya arusi, baadhi wameshika kayamba, wengine wanapiga makofi ya kupokezana, yaani huyu anapiga, anaacha nafasi, na mwenzake anaingia kwenye nafasi ile ile, mpaka ukisikia kwa mbali unadhani ni mikono ya mtu mmoja. Nilikaribishwa nikapewa chai, nikakaa nikitazama viganja. Mama Mbeyu alikuwa upande mmoja, na mwenzake, Nyamvula, upande wa pili. Mahali ambapo mimi ningeandika pumziko kwenye karatasi, mama Mbeyu hakuwa amenyamaza hata kidogo. Bega lake lilikuwa likienda. Alikuwa anampa Nyamvula nafasi yake.

Kisha Nyamvula aliinuka kwenda kuangalia jiko. Na mama Mbeyu, bila kufikiri, akaanza kupiga mapigo ya wote wawili. Nilipomuuliza baadaye alinishangaa. Akasema pale ni pa Nyamvula, akiwepo yeye hapagusi, akigusa amemnyang'anya. Lakini mwenzako akitoka ni lazima umshikie mahali pake mpaka arudi, ngoma hailali kwa sababu mtu kaenda kugeuza mchuzi. Watoto wote wanajua hivyo, alisema. Ni heshima.

Nilirudi Msambweni nikiwa nimechangamka mpaka nikashuka kituo si changu. Watoto wangu hawakuwa na kasoro. Walikuwa na adabu. Unamsimamisha msichana peke yake chumbani, unampa mdundo wenye nafasi tupu, anaona mwenzake hayupo, anamshikia. Na mimi muda wote ule nilikuwa nikimwambia anyamaze, yaani nikimwambia amtupe mtu. Asingeweza kunitii hata angetaka.

Basi tukaanza upya, na ninawaandikia hatua hizi kwa sababu ndizo nilizo nazo za kuwaachia. Nilikaa mbele ya Mbeyu. Yeye alipiga kilichoandikwa, na kila penye pumziko nikapiga mimi. Hapo hakujaza hata mara moja, maana nilikuwepo. Tulifanya hivyo wiki nzima. Kisha nikapunguza kofi langu likawa la vidole viwili. Kisha nikaacha kupiga, nikawa ninatikisa kichwa tu. Kisha nikainua nyusi. Kisha nikampa mgongo, na hapo alirudi kujaza, ikabidi turudi hatua moja. Wenzake nao niliwapanga wawili wawili wafanye vivyo hivyo, huku kufuli likienda na kurudi ukutani.

Jambo lililosaidia ni mguu. Nilimwambia Mbeyu kwamba yule mwenzake amhamishie mguuni, kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, ndani ya kiatu, mahali ambapo mtahini haoni. Nilimwambia, "Mwenzako hajatoka. Yupo pale chini. Wewe mwachie afanye kazi yake."

Siku moja niliondoka kwenye kiti nikatoka nje ya chumba kabisa, nikasimama kwenye ngazi. Mbeyu akaanza. Likaja pumziko la kwanza, likapita tupu. La pili, tupu. Nikashika ukuta. Akapiga ukurasa wote, na yale matupu yake yalikuwa yamejaa kuliko makofi ya watu wengi. Nilirudi ndani nikamwambia ni sawa, tuendelee na ukurasa unaofuata, kwa kuwa mtoto hasifiwi katikati ya kazi. Lakini moyo wangu ulikuwa unaruka.

Mtihani ulifika. Mtahini alikuwa mama wa makamo aliyetoka mbali, mwenye miwani na sura isiyotoa siri, akataka kila mwanafunzi aingie peke yake. Mwalimu haruhusiwi. Nilisimama nyuma ya chumba, chini ya madirisha, nikijifanya ninakagua mfereji. Waliingia mmoja mmoja. Wawili waliteleza kidogo wakainuka. Mbeyu alikuwa wa mwisho.

Aliwekewa mdundo ambao hajawahi kuuona. Nilisikia kiti kikisogezwa, halafu kimya cha mtu anayesoma kwa macho, halafu akaanza. Nilikuwa nausoma kwa masikio, nikiandika hewani kwa kidole. Kipimo cha kwanza, cha pili. Kipimo cha tatu, nilishakisikia kwa waliotangulia, kilianza na pumziko, na hilo ndilo gumu kuliko yote, maana pigo la kwanza ndilo ambalo mwili wote unataka kulipiga. Nilifumba macho. Nikaingoja sauti ya kofi ambalo halikuandikwa. Haikuja. Likaja la pili, mahali pake, safi, na mimi nilikaa kwenye mfereji na nguo zangu za kazi nikalia bila aibu.

Kisha ikawa sehemu ya kubuni. Mtahini anapiga mdundo, mwanafunzi anamjibu kwa wake. Mbeyu alimrudishia mtahini mdundo wake kama ulivyo. Akaurudia akabadilisha pigo la mwisho. Akarudi. Halafu akafanya jambo ambalo sikumfundisha. Aliacha mapigo mawili mazima, wazi kabisa, katikati ya jibu lake, kama mtu anayesogea kwenye mkeka ili mgeni apate pa kukaa. Kisha akafunga. Hakuna aliyeingia pale, wala halikuwa kosa. Palikuwa pamekaribishwa tu. Nilimsikia mtahini akisema, "Asante, binti," na ndilo neno pekee la ziada alilosema kwa siku nzima.

Walipita wote. Mbeyu alipita kwa alama za juu, na sasa yuko chuoni anasomea ualimu, na akija likizo hunisalimia shikamoo kwa sauti yake ile ile ya chini, kisha ananikosoa namna ninavyoshika kayamba.

Mwalimu mkuu aliniita tena ofisini. Alisimama kunipa mkono, na nilijua alikuwa amefurahi kweli. Akasema somo linabaki, alitoa neno na neno lake ni hilo. Halafu akasema chumba kinakwenda kwa kompyuta. Kuhusu chumba, alinikumbusha, hakuwa ametoa neno. Ilikuwa kweli. Sikuwa nimemwomba chumba.

Mwaka wangu wa mwisho nilifundisha barazani. Ile baraza ndefu yenye sakafu ya saruji, inayoanzia stoo ikapita mbele ya ofisi yake na kuishia kwenye mabomba ya maji. Nilichagua hapo makusudi, sitawaficha. Nilipigilia msumari wa kufuli kwenye nguzo. Wanafunzi walivua viatu, tukawa tunatembea kutoka stoo mpaka kwenye mabomba, miguu ikishika pigo, viganja vikisoma nota zilizobandikwa ukutani. Darasa likaongezeka, kwa sababu watoto wanapenda kitu kinachoonekana. Kelele nazo zikaongezeka.

Alivumilia muhula mmoja, na kwa mtu wa hisabati huo ni uvumilivu mkubwa. Kisha asubuhi moja tulikuta kibao kipya, cheupe, maandishi mekundu, kimepigiliwa karibu na mlango wa ofisi. KIMYA. Mchana tukakutana njiani.

"Bi Mejumaa, nimeweka kibao."

"Nimekiona, Mwalimu."

"Sitaki kusikia makofi mbele ya mlango wangu."

"Hutasikia," nilimwambia. "Naahidi."

Aliniangalia kama mtu aliyepewa jumla asiyoiamini, lakini hakupata pa kushika. Kesho yake niliwapanga wanafunzi stoo. Niliwaambia kile kibao kimeingia kwenye nota zetu. Ukifika mbele yake una pumziko la mapigo manane, na hilo ni refu, hatujawahi kuwa na refu hivyo, kwa hiyo tunamshukuru aliyetuwekea. Mikono iwe wazi. Vidole gumba vifanye kazi. Pigo la tisa, tukiwa tumeshaupita mlango, tunaingia wote pamoja, na atakayeingia mapema tutarudi naye stoo tuanze upya.

Tulirudi stoo mara nyingi, na hatukuchoka. Kufikia siku yangu ya mwisho darasani hakuna aliyekuwa akikosea tena. Siku hiyo tulianza kama kawaida, nazi na korosho zikivuma barazani mpaka walinzi wakageuka, tukafika kwenye kibao, na kila sauti ikakatika kwa mpigo mmoja. Moja, mbili. Wale watoto walizidi kwenda mikono imefunguliwa, macho mbele, nyayo zao peku hazisikiki kwenye saruji. Nadhani kelele alikuwa amezizoea, ila kimya kile kikamshitua, maana kwenye tatu mlango ulifunguliwa. Mwalimu mkuu alitoka na kalamu mkononi, akatazama huku, akatazama kule, akatazama kibao chake. Alikuta shule imetulia kama alivyoagiza. Akanigeukia mimi kutafuta kosa. Nilikuwa nimekaa kimya kama wenzangu, na nilimtazama usoni bila kupepesa, kwa kuwa hapakuwa na kosa, na yeye ni mtu mnyoofu, alijua hapakuwa na kosa. Akafungua mdomo aseme kitu, na hakuwa anajua kwamba hesabu ilikuwa imeshafika nane.

Tukaingia wote.